Shairi Halidaiwi

Wivu wa mapenzi una pa kupelekwa. Watu watagombana, wazee wataitwa, mahari itarudishwa, mambo yataisha. Wivu wa urafiki utaupeleka wapi? Utamwendea paroko umwambie nini, kwamba mwenzako amepata rafiki mwingine? Ndiyo maana Kristiana, mwalimu mstaafu wa hapa Sumbawanga, mke wa Zenon seremala, mwanakwaya asiyekosa misa ya kwanza, alikaa na wake miaka bila kumwambia mtu. Ukamtafuna taratibu, naye akawa anaulisha.

Mwenzake alikuwa Stumai. Walikutana chuo cha ualimu wakiwa na miaka ishirini, Kristiana akitokea Kaengesa na Stumai akitokea Kirando, kule chini ziwani. Mwalimu wao wa Kiswahili aliwafundisha kutunga mashairi. Wenzao walitunga, wakapata alama, wakasahau. Hawa wawili walinogewa. Siku ya kuachana wakapeana ahadi kwamba hawataandikiana barua ya kawaida hata siku moja. Habari za ndoa, za uzazi, za msiba, za bei ya mahindi, zote zitakwenda kwa beti, na kila ubeti utafungwa kwa maneno yaleyale: usiniache njiani. Tena watapokezana zamu. Ukishatuma lako, kaa kimya mpaka ujibiwe. Kutuma barua juu ya barua ni kudai, na shairi halidaiwi.

Kristiana akapangiwa shule ya nyumbani Kaengesa, baadaye mjini Sumbawanga, na hapo ndipo safari zake zote zilipoishia. Stumai alizungushwa nchi nzima. Barua yake ya kwanza ilitoka Newala, na Kristiana anaikariri mpaka leo:

*Newala nimeshafika, niko juu mawinguni,*
*Maji tabu kuyateka, ndoo zi kwenye foleni,*
*Kila nikikukumbuka, nahisi niko nyumbani,*
*Jibu lako nalitaka, usiniache njiani.*

Baada ya Newala ikaja Korogwe, ikaja Singida, mwishowe Bariadi. Kristiana aliijua nchi hii kwa vina. Aliweza kukueleza harufu ya mkonge unaokaushwa Korogwe, yeye ambaye hakuwahi kuvuka Laela ila mara moja, alipokwenda Tunduma kununua sare za kwaya. Zenon alizoea kumtania kwamba ameoa mtalii asiyenunua tiketi. Naye alicheka, lakini moyoni alikuwa na ndoto moja ambayo hakuwahi kuitia kwenye ubeti kwa aibu: kwamba siku moja yeye na Stumai watapanda basi moja, wakae kiti kimoja, waione hiyo nchi pamoja.

Huko Bariadi ndiko alikokuwa Minza.

Stumai hakumficha. Miaka kumi na mmoja walikaa nyumba za walimu zilizopakana, ukuta mmoja, wakapikiana, wakauguzana, na Stumai akamfundisha kutunga. Kwenye beti zake Minza alianza kama jirani, akawa dada, halafu akawa "Minza wangu". Kristiana aliposoma hilo "wangu" alikunja karatasi akaenda kupepeta ulezi ambao ulishapepetwa.

Stumai alipostaafu akarudi Kirando. Huko hakuwa na sanduku la posta, na laini ya simu ya Minza ilikuwa imefungwa mwaka ule wa kusajili kwa alama za vidole. Vidole vyake vilishalika kwa chaki na jembe, mashine haikuvisoma, naye akasema basi, simu na ipumzike. Kwa hiyo Stumai akaomba jambo dogo. Barua za Minza zije kwenye sanduku la Kristiana, Sumbawanga, naye awe anazituma Kirando kwa Isdori, kondakta wa basi, pamoja na zile zao wenyewe.

"Minza naye hutunga," Stumai alimwambia kwenye simu, sauti yake imejaa furaha. "Nimemfundisha kila kitu, hata adabu za zamani. Utampenda."

"Nitampenda," Kristiana alisema.

Mwaka wa kwanza alizituma zote. Si kwamba hazikumuuma. Kila bahasha ya Minza aliipima kwa kiganja, na kila mara aliiona nzito kuliko yake. Mwandiko ulikuwa mzuri, wa kulala, wa mtu asiye na haraka. Alijiambia mwandiko mzuri si akili. Akaituma.

Ikafika Januari. Stumai alikuwa anadaiwa jibu, maana zamu ilikuwa yake, na wiki ya sita ikapita bila neno. Kristiana akaenda posta, akafungua sanduku, akakuta bahasha moja tu, ya Minza, imenona kuliko zote. Alifika stendi na mfuko wa maharage wa Stumai, akampa Isdori maharage, bahasha akabaki nayo kwenye pochi. Iende wiki ijayo, alijiambia. Mvua nyingi, itaharibika njiani.

Wiki iliyofuata mvua haikunyesha, na bahasha haikwenda.

Aliiweka kwenye debe la mbegu ya ulezi, ambalo haliguswi mpaka msimu wa kupanda. Hakuifungua. Jambo hilo alilishika kama sifa. Kufungua barua ya mtu ni dhambi na ni wizi, lakini kuichelewesha ni kuichelewesha tu, hata serikali huchelewesha. Machi ikaja ya pili, Aprili ya tatu, mwishoni mwa Mei ya nne. Zote zikazama kwenye ulezi. Na kwenye kitubio aliungama hasira, akaungama umbea, akaungama kulala wakati wa mahubiri.

Alichotaka kilitokea, au alidhani kimetokea. Barua za Stumai kwake zilianza kuja mbiombio. Zamani ilikuwa moja kwa mwezi, sasa alikuwa akijibu ndani ya siku nne, pamoja na samaki wa ziwani, migebuka mikavu iliyofungwa kwenye gazeti. Na hazikuwa beti za kawaida. Katika miaka arobaini Stumai hakuwahi kutunga hivyo. Kristiana alikaa kwenye benchi la karakana ya Zenon, maranda ya mbao miguuni, akafungua ya Mei:

*Minza wangu kanyamaza, neno lake silioni,*
*Kila basi nauliza, nangojea barazani,*
*Ni kosa nililofanza, au yuko kaburini?*
*Wewe tu wanituliza, usiniache njiani.*

Aliisoma mara tatu. Beti kumi na mbili, na kumi na moja zilikuwa za Minza. Zile barua nzuri kuliko zote alizowahi kuandikiwa maishani zilikuwa zinamlilia mwanamke mwingine. Na ni yeye mwenyewe Kristiana aliyezisababisha.

"Kuna msiba?" Zenon aliuliza, akaacha kupiga randa.

"Hamna."

"Mbona umekunja uso hivyo? Stumai si amekuandikia? Si ndiyo ulikuwa unataka?"

"Nimesema hamna, Baba Adolfu."

Zenon akarudi kwenye mbao yake. Ni mtu anayejua ubao gani una fundo na ubao gani wa kuachwa. Kristiana akajibu siku hiyohiyo. Alitunga beti nane za kumfariji rafiki yake, akamwambia kwa vina kwamba watu wengine ndivyo walivyo, husahau wakishashiba. Alipofika kwenye kituo, yale maneno ya kufungia ubeti, mkono ulikataa kidogo, lakini akaandika: usiniache njiani.

Katikati ya Juni, upepo wa baridi umeshaanza kukata masikio, Stumai akatokea mlangoni bila taarifa. Ilikuwa saa saba mchana. Kristiana alikuwa uani anachagua maharage kwenye ungo, akasikia "Hodi wenyewe!" na ungo ukamponyoka.

Walikumbatiana mpaka mtandio wa Stumai ukadondoka. Alikuwa amepungua. Macho yalikuwa yamezama, lakini kicheko kilikuwa kilekile cha bwenini. Zenon akaleta kiti alichokitengeneza mwenyewe, akasalimia, akatania kwamba nyumba sasa inanukia ziwa, akaenda zake karakana kuwaachia nafasi.

"Sikai sana," Stumai alisema, akipuliza chai. "Kesho asubuhi naondoka. Naenda Bariadi kwa Minza."

Kristiana aliinama kuokota maharage. Aliyaokota moja moja.

"Kwa baridi hii? Na umri huu?"

"Kuandika siwezi, zamu ni yake. Lakini hakuna sheria inayonikataza kwenda. Kama nimemkosea, aniambie usoni. Kama amekufa, nilione kaburi. Siwezi kukaa barazani kila siku nahesabu mabasi, Kristiana. Nitaumwa."

"Sasa Stumai, kutoka Kirando si ungepandia Namanyere? Mabasi ya Mpanda yanapita palepale. Umerudi nyuma huku kwa nini?"

Stumai alitabasamu. Akafungua pochi, akatoa karatasi mbili, akaziweka juu ya maharage, ndani ya ungo.

"Nimekufuata wewe," alisema. "Tiketi mbili. Viti vinaongozana, wewe dirishani. Mpanda, Tabora, Shinyanga, Bariadi. Miaka arobaini nakuhadithia nchi kwa barua. Unafikiri sikujua? Kila ubeti wako unauliza: mlima una rangi gani, mto una upana gani. Mtu asiyetaka kusafiri haulizi upana wa mto. Zenon nimeshamwomba kwa simu tangu wiki iliyopita, amekubali, mwongo mkubwa yule, amejifanya hajui kitu."

Kristiana alizitazama zile tiketi. Jina lake lilikuwa limeandikwa kwa kalamu ya buluu, na kosa dogo kwenye herufi ya mwisho. Ndoto ambayo hakuwahi kumwambia mtu ilikuwa imelala kwenye ungo wake wa maharage, na hakuweza kuigusa. Akienda, siku ya tatu atakuwa sebuleni kwa Minza, na neno la kwanza la Minza litakuwa: barua zangu nne mlizipata? Akibaki, Stumai ataulizwa hivyohivyo akiwa peke yake. Njia ya mwongo ni fupi, wahenga walisema. Hawakusema kwamba siku nyingine njia yenyewe inakuja na tiketi.

Alijaribu kukwepa, tusimfiche. Alisema mguu unamsumbua. Alisema kuna jubilei ya kwaya. Alisema, na hili ndilo lililomtoka vibaya zaidi, "Na huyo Minza kama angekujali si angeandika?"

Stumai hakukasirika. Aliweka kikombe chini, akasema polepole, "Hapana. Minza hawezi kuninyamazia. Ningeamini kwa mtu mwingine yeyote, hata kwako labda, maana wewe una hasira. Kwa Minza hapana."

Hata kwako labda. Kristiana alishangaa kwamba hata sasa, hata hapa, bado aliona wivu. Akainuka. Akaingia stoo, akafunua debe, akazamisha mkono kwenye ulezi mpaka kwenye kiwiko. Alitoka na bahasha nne, akaziweka kwenye ungo juu ya tiketi.

"Aliandika," alisema. "Nilizificha mimi."

Kuku walikuwa wanaparua pembeni ya uzio. Karakanani randa iliendelea. Stumai alichukua bahasha ya kwanza, akaigeuza, akaona gundi haijaguswa.

"Hukusoma?"

"Sikusoma."

"Kwa nini umezificha?"

Kristiana alikuwa ametunga beti zaidi ya elfu maishani mwake. Sasa alitafuta neno moja akakosa la kupamba. "Wivu," alisema. "Niliona wivu, Stumai. Ulimwita wako."

Stumai alichana bahasha. Punje za ulezi zilizopenya kwenye pembe zikamwagika mapajani mwake. Alivaa miwani, akasoma kimya mistari miwili, akasita. Kisha akasoma kwa sauti, sauti ya darasani isiyo na huruma wala hasira:

*Mjumbe wangu salamu, dada yangu Kristiana,*
*Jina lako nafahamu, japo hatujaonana,*
*Stumai wetu mwalimu, hukutaja kila kona,*
*Barua hii muhimu, umpe mkionana.*

Kristiana alikaa chini kwenye udongo. Adabu ya zamani. Shairi linalopita mikononi mwa mtu, ubeti wa kwanza ni wa mjumbe. Unamsalimia yeye kwanza, ndipo unamfikia mwenye barua. Alilifundisha hilo miaka thelathini na mitano, aliliandika ubaoni kwa chaki, aliwachapa watoto waliolisahau. Na mwaka mzima uliotangulia alikuwa akisalimiwa kwa jina, na Stumai alikuwa akidhani zile salamu anazozisoma Kirando zinamfikia Kristiana kwa simu.

"Huwa nakwambia kwenye simu Minza anakusalimu," Stumai alisema. "Ulidhani nasema tu?"

Akafungua ya pili, akafungua ya tatu. Zote zilianza kwa Kristiana, na zote zilikuwa barua juu ya barua; hofu ilikuwa imemfanya Minza avunje zamu. Ya nne mwandiko ulikuwa umepindapinda.

*Mjumbe wangu jamani, wewe ni mzima kweli?*
*Nawaza huku moyoni, pengine ni mbaya hali,*
*Naomba kwake Manani, akupe nguvu kamili,*
*Barua acha pembeni, kwanza upone kimwili.*

Chini yake beti zilizobaki zilieleza kwamba Minza alianguka kisimani akavunjika nyonga, kwamba binti yake amemhamishia kwake Geita, kwamba Bariadi nyumba imefungwa. Alikuwa amelala kitandani Geita, amevunjika, anamwombea Kristiana apone.

Stumai alikunja karatasi zote nne, akazitia kwenye pochi. Akachukua tiketi. Moja akaitia kwenye pochi pia. Nyingine, ile yenye kosa kwenye herufi ya mwisho, akaiacha kwenye ungo.

"Nitabadilishia njiani, nielekee Geita," alisema. "Ningefika Bariadi nikute kufuli."

"Stumai, nisamehe."

"Nimesikia."

Alilala nyumba ya wageni karibu na stendi usiku ule, ingawa Kristiana alikuwa ameshatandika. Zenon ndiye aliyembebea begi, akarudi, akakaa benchini. Asubuhi Kristiana alikwenda stendi na tiketi yake mkononi, sijui akitegemea nini. Alimwona Stumai kupitia kioo. Alikuwa amekaa kiti cha upande wa njia. Kwenye kile cha dirishani alikuwa ameweka pochi yake. Basi likarudi nyuma, likageuka, likaondoka kuelekea Namanyere.

Wiki tano baadaye Kristiana alifungua sanduku la posta akakuta bahasha yenye mhuri wa Geita na mwandiko wa Stumai. Hakungoja kufika nyumbani. Aliichana palepale kwenye ngazi za posta, watu wakimpita.

Ilikuwa karatasi moja. Alitafuta vina kwa macho kabla hajasoma maneno, kama alivyozoea, akaona mistari inakwenda mpaka ukingoni mwa karatasi na kurudi, mirefu na mifupi, barua kama ya mtu yeyote kwa mtu yeyote.

*Mwalimu Kristiana. Nimefika salama. Minza anaendelea vizuri, anatembea kwa fimbo. Nitakaa naye mpaka mwezi wa kumi. Nikirudi barua zake zitapitia kwa mwanangu Namanyere, kwa hiyo usipate tabu tena. Minza anauliza kama umepona. Nimemwambia ulikuwa unaumwa. Sikumwambia unaumwa nini. Stumai.*

Aliisoma mpaka mwisho, akageuza nyuma, hapakuwa na kitu.

Jioni ile alichukua kalamu. Beti zilikuwa zimemjaa, za kuomba radhi, za Newala, za kiti cha dirishani, angeweza kujaza daftari. Aliandika mstari wa kwanza akasimama. Beti nane za mwezi Mei, zile za kusema watu husahau wakishashiba, ndizo zilizokuwa za mwisho kati yao, na zilikuwa zake. Barua aliyoipata leo haikuwa shairi. Zamu ilikuwa bado ya Stumai.

Akafunika kalamu. Kesho yake saa nne asubuhi alichukua ufunguo kwenye msumari, akavaa sweta, akaenda posta kuangalia. Zenon alimuuliza anakwenda kufuata nini.

"Sifuati kitu," alisema. "Naangalia tu."

Na keshokutwa akaenda tena.